Banda la Mizigo Lisilotaka Kusimama

9 Februari

Mdogo wangu,

Pokea salamu zangu, wewe na shemeji. Huku hatujambo, kama hali hii inaitwa kutojambo. Wifi yako mzima. Kila asubuhi ananiuliza kama nimefanya mazoezi kabla hajaniuliza kama nimelala. Paa la jikoni linavuja palepale. Karakana inakwenda bila mimi, jambo ambalo sikulitarajia na sijalipenda. Msimamizi wangu huja jioni kunipa habari za kazi na hunificha nusu yake. Ile nusu naijua kwa jinsi anavyoikunjakunja kofia yake.

Unauliza kwa nini sipatikani kwenye simu. Nimeizima. Tangu msumeno uniume, kila anayepiga ananipa pole, na pole haishoni mshipa. Halafu yule mama wa mazoezi hospitalini, mimi namwita Kamanda, ameniamuru niandike barua kwa mkono huuhuu ulioshonwa. Kwa hiyo ukiuona mwandiko umelewa, uvumilie. Hii ni dawa kwanza, barua baadaye.

Sasa tuje kwenye hicho kifurushi chako.

Kilipofika nilidhani mmekosea huko kiwandani mkanitumia takataka. Vibao vitatu, unene wake milimita sifuri nukta nane. Mdogo wangu, huo ndio unene ninaoufagia sakafuni! Ukipita kwenye karakana yangu saa ya kufunga utakuta magunia yake, chukua bure.

Nikasoma maelezo. Banda la mizigo la stesheni, la kuweka kwenye meza ya treni ndogo, kila kitu kimepunguzwa mara themanini na saba. Nimepiga hesabu. Banda la mita tisa na nusu limekuwa sentimita kumi na moja. Mlango wa mita mbili, ambao mtu anapita na gunia begani, umekuwa milimita ishirini na tatu. Fremu ya dirisha, ambayo mimi naikata kwenye mbao ya inchi mbili, imekuwa nusu milimita na nywele. Mbu angeikagua kwanza kabla ya kutua. Na unaniambia kuna watu wazima, wenye vitambi na wajukuu, wananunua balaa hili kwa hiari yao, hakuna aliyewashikia fimbo?

Kilichonichefua zaidi ni kingo. Zote zimeungua, nyeusi tii, ukigusa unatoka na masizi kama umetoka kuinjika chungu. Ndiyo hiyo leza mnayojivunia? Mimi nilianza kazi hii kwa kufagia karakana ya mtu mwingine, na tangu siku ile sijaunga mbao iliyoungua. Gundi haishiki mkaa. Basi nikafanya ambalo fundi yeyote anayejiheshimu angefanya. Nikachukua msasa laini, nikasugua kila ukingo mpaka nikaiona mbao safi. Kazi ya kutia wazimu. Kamanda alifurahi sana, akasema vidole vinafanya kazi.

Nikaanza kuunganisha. Kila kijino kikaingia kwenye tundu lake kikacheza kama jino la bibi. Ukuta ukasimama, ukafikiri kidogo, ukalala. Nikausimamisha tena, ukalala upande wa pili. Gundi ilishika kitu kimoja tu kwa uaminifu, nacho ni shati langu.

Ningekuwa nimeshaliwashia jiko. Lakini Kamanda ananipima mwisho wa Mei, na amesema vitu vidogo ndivyo vitakavyoonyesha kama mkono umerudi. Mkono ukirudi, narudi kwenye msumeno wangu. Usiporudi, mimi ni mzee wa kukaa barazani kuhesabu wapita njia. Ndiyo sababu nakishughulikia kinyaa hiki. Sababu nyingine sina.

Kaka yako


27 Februari

Kaka yangu,

Shikamoo. Huku tuna afya. Shemeji yako ana kikohozi na anakitunza kama mtoto, hataki kukipa dawa. Mimi wamenihamisha, sasa niko meza ya kukagua na kufungasha, karibu na dirisha. Nashukuru, mashine zile zina moshi wa mbao zinazoungua ambao hata ukioga unabaki kwenye nywele.

Barua yako nimeisoma wakati wa mapumziko. Nimecheka mpaka mwenzangu wa mezani akataka kujua kuna nini. Nilipomweleza kuhusu msasa, yeye hakucheka. Alishika kichwa.

Kaka, ule weusi ni sehemu ya kipimo. Aliyechora amehesabu mpaka pale leza inapounguza. Ulipousugua, ukaula ukuta. Nafanya kazi hapa mwaka wa sita, tumepokea malalamiko ya kila namna, lakini hilo hatujawahi kulipata. Wateja wetu hawajui mbao, kwa hiyo hawaigusi, wanapaka rangi juu yake wanaendelea na maisha. Kosa hilo lilimhitaji seremala.

Nimekutumia kingine, banda lilelile. Usipige msasa. Na usitumie gundi yako ya makabati, ina maji mengi, kibao kitajikunja kama jani kavu. Tone moja, kwa ncha ya kijiti cha meno.

Wifi alinipigia. Alisema siku hizi unakula kwa mkono wa kushoto. Sikumwuliza zaidi.

Mdogo wako


2 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipokaa kuandika, yaliyonijia yalikuwa matusi, na karatasi ni ya wifi yako.

Tuko salama. Paa la jikoni limezibwa, sasa linavuja sebuleni. Mwambie shemeji anywe dawa. Na mwambie wifi yako, maana mimi hanisikii, asiwe anapiga simu kutangaza ninavyokula. Nakula kwa mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia una gundi.

Kifurushi cha pili nimekifuata kama sheria. Sikupiga msasa. Masizi nimeyaacha, nimekaa nayo, nimeyala. Tone la gundi kwa kijiti cha meno. Na bado.

Nianze na kuvitoa. Kila kipande kimeshikiliwa kwenye kibao na kijiuzi cha mbao kisichozidi unywele. Unakikata kwa wembe, taratibu, huku umezuia pumzi, na kipande kinaruka. Kinakwenda wapi? Hakuna anayejua. Nimetambaa sakafuni na tochi mdomoni, mtu mzima, mwenye karakana yenye jina langu juu ya mlango, natafuta mlango wa milimita ishirini na tatu. Wifi yako akapita na ufagio. Nikapiga kelele kama nyumba inaungua. Mlango ulikutwa kwenye soksi yangu.

Halafu hicho kibano mlichoweka ndani. Nani aliyekitengeneza? Nabana kipande, nina uhakika nimebana, nanyanyua, naangalia, kibano kimebana hewa. Au nabana kidogo tu, kidogo kabisa, na fremu ya dirisha inavunjika vipande viwili. Hakina katikati. Ni kibovu, wekeni kingine.

Msimamizi alinikuta nimeinama mezani.

"Bosi, unatoa mwiba?"

"Najenga stesheni."

Akaangaza macho. "Iko wapi?"

"Usivute pumzi kwa nguvu, utaimeza."

Akarudi nyuma, mikono mgongoni, kama mtu aliyeambiwa kuna nyoka chini ya meza. Nami nikawa nahangaika na ukuta wa nne, kijino kinagonga pembeni ya tundu, kinagonga, kinagonga. Mwishowe akasema, kwa sauti ile wanayowasemeshea wagonjwa, "Bosi, nipe nikushikie hicho kimoja." Nikamfukuza. Mtu ambaye mimi ndiye niliyemwonyesha randa inashikwa wapi!

Mimi nimepaua shule. Nimebeba mbao za futi kumi na mbili juu ya ngazi, upepo ukivuma, nikazipigilia mahali pake. Sasa nashindwa na banda ambalo kuku akilikalia haoni kitu. Nikiamka asubuhi nikaliona pale mezani na kuta zake tatu, nageuza kiti, nakunywa chai nikiwa nimelipa mgongo.

Vijino na matundu havilingani. Nasema havilingani. Nijibu swali moja bila kunizungusha, wewe ndiye unayekagua. Je, shehena hii ina kasoro? Kwa sababu kama kifurushi ni kizima, basi

Sentensi hiyo naiacha hapo.

Kaka yako


19 Aprili

Kaka yangu,

Shikamoo. Kikohozi cha shemeji kimepona chenyewe, sasa anatamba kwamba dawa ni biashara ya wajinga. Mvua huku ni kali, tunafika kazini viatu mkononi.

Nimelifuatilia swali lako. Ni kweli, kaka. Shehena ile ilikuwa na kasoro, matundu yamekatwa madogo. Malalamiko yamekuja mengi. Si wewe. Si mkono wako.

Kwa hiyo kiweke kando kifurushi hicho, usijitese. Pumzika. Fanya mazoezi mengine aliyokupa Kamanda, usubiri kipimo chako mwisho wa Mei kwa moyo mtulivu.

Wifi msalimie sana.

Mdogo wako


6 Mei

Mdogo wangu,

Nilijua!

Marahaba, na salamu kwa mganga wa kikohozi. Hapa nyumbani kumekucha. Barua yako nimemsomea wifi yako kwa sauti, mara mbili. Akasema, "Kwa hiyo kiwanda kizima kimekosea, na wewe peke yako uko sawa. Kama kawaida yako." Nikamwambia ndiyo, kama kawaida yangu.

Miezi yote hii najitazama mkono huu kama mwizi aliyelala ndani ya nyumba yangu, kumbe mwizi ni nyinyi! Mnauza uchafu, matundu yasiyopitisha kitu, halafu mtu mwenye akili zake anakaa anajihukumu. Aibu. Nitamwandikia meneja wenu. Wewe usijali, jina lako silitaji. Nitapima kila tundu na kila kijino, nitamtumia vipimo, maana mimi silalamiki hewani.

Na habari kubwa ni hii. Kamanda nimemwambia asinipime, kipimo chake nimeshakipata. Jumatatu, tarehe ishirini na moja, nawasha msumeno. Mafundi wote nimeshawatangazia. Tuna oda ya milango ya zahanati, mbao ngumu, na sitaki ikatwe na mtu mwingine. Msimamizi nilipomwambia aliivua kofia kabisa, akaitazama ndani. Nadhani ni furaha.

Wifi yako anapika tu, kwa kelele.

Kaka yako, mzima


14 Mei

Kaka,

Shikamoo. Leo sina habari za nyumbani.

Usiwashe msumeno. Shehena haikuwa na kasoro. Nilikudanganya.

Siku niliyopata barua yako ya Aprili, nilichukua kifurushi cha banda kutoka boksi lilelile nilimotoa chako, nikakiunganisha hapa mezani kwangu. Kuta nne zilikaa hata bila gundi. Mimi, kaka. Mimi ambaye sijawahi kupigilia msumari ukaingia wima, uliyeniambia nikiwa mdogo kwamba nikae mbali na mbao kwa usalama wa mbao. Nikakitazama kimesimama, nikaitazama ile sentensi uliyoiacha njiani, na sikuweza kukuandikia mwisho wake. Nikadhani nakupa usingizi wa wiki chache, mpaka Kamanda akupime na akuambie mwenyewe kwa utaalamu wake. Sikujua nakupa msumeno.

Simu yako imezimwa. Ya karakana inalia tu, nadhani mashine zinaifunika. Nimempigia wifi. Amesema, "Mimi nimeshamwambia mpaka mdomo umeota sugu. Nikimwambia na hili, atasema tumekula njama. Mwandikie wewe, barua zako anaziamini." Aliposema hivyo nilitaka ardhi ipasuke. Kwa hiyo barua hii nampa dereva wa lori letu anayekuja upande huo, ameahidi kuifikisha.

Kaka, umeniandikia kuhusu masizi, gundi, kibano, soksi. Kurasa na kurasa. Hujaniandikia hata mara moja kidole gumba kinahisi nini ukikishika kitu.

Nikasirikie ukitaka. Ila mashine iache imezimwa.

Mdogo wako


29 Mei

Mdogo wangu,

Marahaba. Lori lenu liliharibikia njiani. Barua yako ilinifikia Jumatano. Jumatatu ilikuwa imeshapita.

Tulia, nina vidole vyote. Nitakueleza kwa mpangilio.

Nianze na hasira, maana nimeitunza vizuri. Uongo wa adui mtu anaukagua, wa ndugu anaumeza na maji. Umenilisha, nikashiba, nikacheua mbele ya watu. Na hata kudanganya hukudanganya kwa akili. Hukujua kwamba mimi hupima?

Jumapili, siku moja kabla, nilikaa kumwandalia meneja wenu malalamiko. Nikatoa kile kipimo changu cha chuma chenye taya, kile cha unene. Vijino, sifuri nukta nane. Matundu, sifuri nukta nane. Nikapima vyote, ukuta mmoja baada ya mwingine, nikitafuta hata kimoja kilichokosewa ili nipate kukusamehe. Hakuna. Kazi safi, inachukiza kwa usafi wake. Nikajua, nikiwa nimekaa pale na kipimo mkononi. Sikumwambia mtu.

Utauliza kwa nini basi nilikwenda. Nilikuwa nimeshatangaza. Mtu anaweza kuijua kweli Jumapili na bado akavaa viatu Jumatatu.

Walikuwa wamefagia karakana. "Karibu bosi, karibu." Wengine walipiga makofi, jambo la kipumbavu, nikawaambia waache. Nikauweka ubao wa kwanza juu ya meza ya msumeno, nikauegemeza kwenye ukingo wa kuongozea, nikawasha. Sauti ile, mdogo wangu! Nilitaka kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Msimamizi akaja ubavuni kwangu.

"Bosi, umeushika?"

"Huoni?"

"Naona, bosi. Nauliza kama umeushika."

Nikautazama mkono. Vidole vinne vilikuwa juu ya ubao. Kidole gumba kilikuwa hewani, kimenyooka kuelekea kwenye meno ya msumeno, kama mtu anayemwelekeza mgeni njia. Na mimi nilikuwa na uhakika kimeushika ubao. Ungeniapisha, ningeapa.

Nikazima. Hakuna aliyecheka, afadhali wangecheka. Nikamwambia msimamizi, "Kata wewe."

"Na wewe, bosi?"

"Nitasimama hapa nikuchukie."

Akakata. Milango yote ya zahanati, na hakuna hata mmoja uliokwenda upande, mshenzi yule. Nilitafuta kosa mpaka jioni, sikulipata. Tangu siku hiyo msumeno ni wake. Mimi nachagua mbao, nachora, nakagua, nakaripia. Ni kazi. Sijasema naipenda.

Kamanda nilimrudia nikiwa mpole kama kondoo. Alinifumbisha macho, akasema nimwambie akinigusa kwa sindano. Nikawa namwambia "bado, bado," kumbe alikuwa ameshanichoma mara tatu. Akasema vidole vile vingine vitapata nguvu, hicho kimoja nisikisubiri. Hakunipa pole. Kwa hilo namheshimu.

Wifi yako nilimwambia jikoni, akiwa ananipa mgongo. Hakugeuka. Alizima jiko, akakaa nami, chakula kikapoa.

Banda lako bado liko mezani na kuta zake tatu. Ukuta wa nne sitauweka, na wala usinitumie kingine, nimechoka na vitu vyenu vya kunuka moshi.

Sasa soma hapa, ndicho nilichokuwa nakizunguka. Kidole gumba hakisikii. Hakijasikia kitu tangu siku ile ya kwanza, na nililijua hilo tangu siku ile ya kwanza. Nimeliandika kwa wino, kwa mkono wenyewe, kwa sababu najijua. Kesho nitaamka na kiburi changu, nitatafuta kibano cha kulaumu. Siku nitakayokuandikia kwamba nimepona, usinibishie. Nirudishie ukurasa huu.

Kaka yako